Kabla ya kununua tapu ya mashine, jua maranda yatapita wapi

Ukiingia duka la vifaa jijini Nairobi ukaomba tapu ya M8, yaani kifaa cha kukatia nyuzi za bolti ndani ya tundu, mara nyingi utawekewa mezani seti ya tapu tatu za mkono ndani ya kijisanduku cha plastiki. Saizi ni sahihi na bei inavutia. Lakini funga mojawapo kwenye mashine, ishushe ndani ya bamba la steinlesi la milimita 15, na huenda ikakwama kabla ya kufika nusu, au ikavunjikia humo humo. Muuzaji hajakudanganya. M8 ni kipimo cha bolti itakayoingia. Hakisemi chochote kuhusu chuma kinachokatwa, wala umbo la tundu, wala mahali maranda, yaani vipande vya chuma vinavyokatwa, yatakapopita.

Njia ya maranda ndiyo inayoamua karibu kila kitu kwenye uchaguzi wa tapu, na ndiyo inayosahauliwa zaidi katika karakana zetu. Biti ya kutoboa ikilemewa unaweza kuiinua, ikatema uchafu, ukairudisha. Tapu haina nafasi hiyo. Imeshikwa na nyuzi ilizozikata yenyewe, na haiwezi kutoka ila kwa kuzunguka kinyume, uzi kwa uzi. Kwa hiyo kila punje ya chuma inayokatwa lazima iwe na pa kwenda wakati ule ule inapokatwa. Ikikosa, inajikusanya kwenye mifereji, inabana meno, na mzigo unapanda mpaka kiini cha tapu kinakatika.

Seti ya mkono ilitengenezwa kwa mfumo tofauti kabisa. Tapu tatu zinagawana kazi: yenye alama moja ya pete shinani inaanza, yenye pete mbili inaendeleza, na ya mwisho inamaliza hadi kipimo kamili. Mifereji yake imenyooka, na anayevunja maranda ni fundi mwenyewe, anapozungusha mbele kidogo kisha akarudi nyuma robo au nusu mzunguko. Mashine hairudi nyuma hivyo. Inaingia mara moja hadi mwisho, inatoka mara moja. Tapu ya mashine imechongwa ili ikate uzi mzima kwa safari moja, na umbo lake linategemea swali moja ambalo muuzaji angepaswa kukuuliza kabla hajafungua droo: tundu lako linapenya, au lina kitako?

Kwa tundu linalopenya, nunua tapu ya ncha mshazari. Ukiitazama kwa haraka utadhani ni ya mkono, kwa sababu mifereji yake imenyooka, lakini angalia ncha: meno ya mbele yamechongwa kwa mteremko wa upande, na mteremko huo unasukuma maranda mbele ya tapu hadi yadondoke chini ya kazi. Kwa kuwa maranda hayapandi kwenye mifereji, mifereji inaweza kuwa mifupi kwa kina, na kiini kinabaki kinene. Ndiyo maana hii ni tapu imara kuliko zote zinazokata. Inavumilia mwendo wa kasi, inavumilia hata ukosefu mdogo wa unyoofu. Kama mchoro wa kazi unaruhusu tundu lipenye, litoboe lipenye, hata kama bolti haitafika chini. Uamuzi huo peke yake utakuokolea tapu nyingi.

Tapu hiyo ina sharti moja linalosahauliwa. Mwanzo wake una nyuzi 3.5 hadi 5.5 zilizopunguzwa ili iingie polepole, na nyuzi hizo hazikati uzi kamili. Lazima zitoke zote upande wa pili. Kwa M10 yenye pichi (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1.5, nyuzi tano ni milimita 7.5. Kwa hiyo inua kazi juu ya vipande viwili vya bapa vinavyolingana, uache angalau milimita 10 chini yake, usije ukaipeleka tapu moja kwa moja kwenye meza ya mashine.

Tundu likiwa na kitako, mambo yanabadilika kabisa. Tapu ya ncha mshazari itasukuma maranda yote chini, yatashindiliwa pale, na tapu itafika juu ya mlima wa chuma chake yenyewe na kuvunjika. (Inawezekana kuitumia tu kama tundu ni refu sana kuliko nyuzi zinazohitajika, maranda yakapata nafasi ya kutosha chini.) Hapa chukua tapu ya msokoto, yenye mifereji iliyopinda kama ya biti ya kutoboa, kwa pembe ya digrii 35 hadi 45. Maranda yanapanda juu na kutoka mdomoni. Mwanzo wake ni mfupi, nyuzi mbili hadi tatu, ili uzi kamili ufike karibu na kitako.

Uzuri huo una gharama. Mifereji ni ya kina, kiini ni chembamba, na meno machache ya mbele ndiyo yanayobeba mzigo wote. Ndiyo sababu hatukubaliani na mafundi wanaonunua tapu za msokoto pekee kwa hoja kwamba zinafaa matundu ya aina zote. Zinaweza kuingia, ndiyo, lakini kwenye tundu linalopenya zinachakaa mapema na kuvunjika upesi kuliko ya ncha mshazari, bila faida yoyote. Na hata kwenye kitako, zina mpaka: tundu likizidi kina cha mara mbili na nusu hadi tatu ya kipenyo, maranda marefu ya chuma laini huanza kujiviringisha shinani. Yaondoe kwa brashi au ndoano baada ya kila tundu, mashine ikiwa imesimama. Yakiachwa yanaingia kwenye tundu linalofuata na kukwaruza nyuzi.

Chuma cha kusubu na brasi hutoa maranda mafupi, karibu unga. Hayahitaji kusukumwa wala kupandishwa, kwa hiyo tapu ya mifereji iliyonyooka, yenye mwanzo wa nyuzi mbili au tatu, inatosha kwa matundu ya aina zote mbili. Chuma cha kusubu hukatwa kikavu au kwa kupuliza hewa, kwa sababu unga wake ukichanganyika na mafuta unakuwa tope linalosaga makali.

Kuna pia tapu isiyokata kabisa. Haina mifereji ya maranda, ina vijinjia vya mafuta tu, na inasukuma chuma kiumbike kuwa nyuzi, kama unga wa chapati unavyosukumwa na mpini. Hakuna maranda, kwa hiyo tatizo lote tulilolieleza halipo. Nyuzi zake ni imara, na tapu yenyewe ni nene na ngumu kuvunjika. Inafaa alumini laini, kopa, na chuma laini. Lakini inataka mashine yenye nguvu zaidi, mafuta mazuri, na tundu la kipimo chake: hesabu ni kipenyo toa nusu ya pichi. M6 inatobolewa karibu 5.55 badala ya 5.0, M8 inatobolewa 7.4 badala ya 6.8. Ukisahau na kutoboa 6.8 kisha ukaingiza tapu ya kukandamiza, chuma kitakosa pa kwenda na tapu itakatika. Usiitumie kwenye chuma cha kusubu, kinapasuka. Na uwe mwangalifu sana na alumini inayosubiwa Kariobangi Light Industries kutokana na pistoni na makasha ya giaboksi: ina silikoni nyingi, haivutiki vizuri, na mara nyingine ina chembe za mchanga au vipande vya chuma vilivyoponyoka kwenye tanuri. Kwa alumini ya namna hiyo tumia tapu inayokata, na utegemee kuwa itachakaa haraka kuliko kwenye alumini ya baa ya kununua.

Sasa tundu lenyewe. Kanuni ya tapu inayokata inajulikana: kipenyo toa pichi. M5 ni 4.2, M6 ni 5.0, M8 ni 6.8, M10 ni 8.5, M12 ni 10.2, M16 ni 14. Shida ni kwamba seti nyingi za biti zinazouzwa hapa hupanda kwa nusu milimita. M6 na M10 zinapata biti yake humo. M8 haipati. Fundi ana 6.5 na 7.0, anachagua 6.5 kwa imani kwamba tundu dogo litatoa nyuzi zenye nguvu. Ukipiga hesabu, 6.8 inatoa takriban asilimia 74 ya kimo kamili cha uzi, na 6.5 inatoa asilimia 92. Nguvu inayoongezeka kwenye bolti ni ndogo mno, kwa sababu bolti ya kawaida hukatika yenyewe kabla ya nyuzi za nati nzuri kung'oka. Lakini mzigo kwenye tapu unapanda sana. Biti ya 7.0 nayo inashusha hadi asilimia 62, na inapita kikomo cha tundu kwenye kiwango cha 6H, kiwango cha kawaida cha usahihi wa nyuzi za ndani, ambacho kwa M8 ni milimita 6.91. Kwa hiyo nunua biti ya 6.8 peke yake, pamoja na 4.2 na 10.2, uziweke sanduku moja na tapu zake. Ni matumizi madogo kuliko tapu moja iliyovunjika.

Biti nayo iwe imenolewa sawasawa. Biti iliyonolewa kwa jiwe la mkono, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, hutoboa tundu kubwa kuliko kipimo chake. Pima tundu kwa kalipa, usiamini namba iliyoandikwa shinani. Kisha panua mdomo wa tundu kwa biti ya digrii 90 hadi upite kidogo kipenyo cha uzi, kama 8.5 kwa M8, ili meno ya kwanza yasiuanze uzi kwenye kona kali.

Kina cha tundu lenye kitako kinahitaji hesabu pia. Tuseme unataka milimita 16 za uzi kamili wa M8. Mwanzo wa tapu una nyuzi tatu, mara 1.25, sawa na 3.75. Ongeza milimita mbili za usalama. Toboa hadi 22, bila kuhesabu koni ya ncha ya biti. Kama unene hauruhusu, kuna tapu yenye mwanzo wa uzi mmoja na nusu hadi miwili, inayofika chini zaidi, ila inachakaa haraka. Itumie pale tu ambapo huna njia nyingine. Na uzi mrefu kupita kiasi ni kazi bure. Kwenye chuma, urefu sawa na kipenyo cha bolti unatosha. Kwenye alumini nenda mara moja na nusu hadi mbili.

Kuhusu pichi, Nairobi ni mji unaohitaji umakini wa pekee, kwa sababu hapa kuna magari ya Japani, mashine kuukuu za Uingereza, na vifaa vipya vya China kwenye karakana moja. M10 ya kawaida ina pichi ya 1.5, lakini kwenye magari ya Japani M10 ya 1.25 imejaa. Bolti za magurudumu za Toyota huwa M12 ya 1.5, na za Nissan na Subaru M12 ya 1.25. Plagi nyingi ni M14 ya 1.25. Ukiomba "tapu ya kumi na mbili" bila kutaja pichi utapewa ya 1.75, na tundu la mteja litaharibika kwa mzunguko mmoja. Kwenye mashine za Uingereza za zamani kuna nyuzi za Whitworth, zenye pembe ya digrii 55, wakati za Marekani na za milimita ni 60. Saizi nyingi za Whitworth zina idadi ya nyuzi kwa inchi sawa na za Marekani, kwa hiyo bolti itaingia na kukudanganya. Nusu inchi inajifichua: Whitworth ina nyuzi 12 kwa inchi, Marekani 13. Kipimo cha pichi, kile chenye majani ya meno, ni cha lazima. Na kwa mabomba kumbuka kwamba "nusu inchi" ni jina la bomba, si kipimo cha uzi: uzi wake wa nje una milimita 20.955, na tundu la tapu ya uzi ulionyooka, usiochongoka, hutobolewa 19.

Malighafi ya tapu tutaipita haraka. Kwa mashine usikubali chini ya HSS, chuma kigumu cha kukatia kwa kasi. Kwa steinlesi na vyuma vigumu tafuta HSS-E, yenye kobalti, ambayo huhifadhi makali kwenye joto. Soma shina: tapu ya kuaminika ina saizi, pichi, aina ya chuma, na kiwango cha 6H au ISO 2. Isiyo na maandishi zaidi ya M8, iache kaunta. Rangi ya dhahabu ni titanium naitraidi, inapunguza msuguano kwenye chuma. Nyeusi ya mvuke hushika mafuta na kuzuia chuma kugandamana na meno, nzuri kwa chuma laini na steinlesi, mbaya kwa alumini. Kwa alumini chukua ing'aayo, isiyopakwa. Pete za rangi shinani huonyesha aina ya chuma kinachokusudiwa, lakini kila kiwanda kina mpangilio wake, kwa hiyo soma katalogi ya kiwanda hicho.

Mwendo huhesabiwa hivi: 318 mara mwendo wa kukata kwa mita kwa dakika, gawanya kwa kipenyo. Kwa HSS, chuma laini kinastahimili mita 10 hadi 15, steinlesi 4 hadi 8, alumini 15 hadi 25. M8 kwenye chuma laini kwa mita 12 ni takriban mizunguko 480. Kwenye steinlesi kwa mita 5 ni 200. Mashine nyingi ndogo za kutoboa za mezani hazishuki hadi 200, na hapo ndipo tapu za steinlesi zinapoungua. Kama yako haishuki, na hasa kama haiwezi kuzunguka kinyume, usiiwashe: itumie kushikilia tapu wima na uizungushe chaki (kichwa kinachoibana) kwa mkono. Tundu litanyooka, tapu itabaki nzima.

Kwenye CNC, yaani mashine inayoongozwa na kompyuta, mwendo wa kushuka ni mizunguko mara pichi: 480 mara 1.25 ni milimita 600 kwa dakika, bila kukadiria. Kama spindo ya mashine, ile sehemu inayozungusha tapu, haifuatani kikamilifu na mhimili wa kushuka, tumia kishikio chenye springi kinachonyumbuka juu na chini. Shina la tapu lina mraba kwa sababu. Kishikio kiushike mraba huo. Chaki ya taya tatu inateleza, na taya zinazoteleza huchubua shina hadi lisikae tena katikati.

Halafu kuna stima. Ikipotea tapu ikiwa katikati ya tundu, usiguse mhimili wa kushuka umeme ukirudi, kwa sababu kuuinua bila kuzungusha kutang'oa nyuzi au kukata tapu. Legeza koleti inayoibana tapu, inua kichwa kikiwa kitupu, kisha irudishe tapu nyuma kwa mpini wa mkono, polepole, na mafuta mengi.

Mafuta ya injini yaliyotumika, yanayopatikana bure kila gereji, ni mabaya kwa tapu. Yana masizi na chembe za chuma, na hayakuundwa kwa shinikizo la kukata. Kwa chuma na steinlesi nunua mafuta ya kukatia yenye salfa. Mkebe mdogo unapakwa kwa brashi na unadumu. Maji meupe ya mashine, yaani mafuta yaliyochanganywa na maji, yanatosha chuma laini yakiwa mazito, hayatoshi steinlesi. Kwa alumini, mafuta ya taa yanafanya kazi vizuri sana.

Steinlesi inahitaji neno zaidi. Biti butu ikisugua bila kukata, ukuta wa tundu unakuwa mgumu, na tapu inakutana na ngozi ngumu kuliko chuma kilicho ndani. Toboa kwa biti kali, kwa mkandamizo usiokatika, bila kuiacha izunguke mahali pamoja. Kwa M8 nenda 6.9 badala ya 6.8, bado uko ndani ya kiwango.

Tapu ikivunjika licha ya yote, usiipige na biti. Ni ngumu kuliko biti yako. Kama kipande kinaonekana, koleo lenye vidole vinavyoingia kwenye mifereji linaweza kukirudisha, mradi maranda yametolewa kwanza. Kwenye chuma, njia safi ni kupeleka kazi kwenye karakana ya kutengeneza moldi yenye mashine inayokula chuma kwa cheche za umeme. Kwenye alumini au brasi kuna njia ya polepole: ichemshe kazi ndani ya maji yaliyokolezwa shabu, ile ile ya dukani, ndani ya chombo kisicho cha chuma, mahali penye hewa. Shabu inakula chuma cha tapu na kuiacha alumini. Inachukua saa nyingi, na maji yaongezwe yakipungua. Kisha osha na upime. Nyuzi zikiwa zimeliwa, pandikiza koili ya waya, lakini fahamu kwamba koili ya M8 ina tapu yake maalumu, kubwa kuliko M8 ya kawaida na yenye pichi ile ile ya 1.25, na biti yake imeandikwa kwenye pakiti. Tapu ya M9 au M10 haiwezi kuchukua nafasi yake.